Kazi ya krasha huanzia kwenye tundu la baruti: namna ulipuaji unavyoamua gharama ya kuponda na kusaga mwamba

Mwanzisha uzi (Arusha)

Wanajukwaa, habari za kazi. Nimefungua uzi huu kwa sababu katika machimbo mengi ya mawe yanayozunguka Arusha na Moshi nimekuta mgawanyo uleule wa hesabu. Mlipuaji anapimwa kwa kilo za baruti na mita alizochoronga, mwenye krasha, yaani mashine ya kuponda mawe, anapimwa kwa umeme, dizeli na taya zilizolika, na hakuna anayeziweka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Matokeo yake ni kwamba mlipuaji anasifiwa anapopunguza baruti, hata kama wiki inayofuata krasha inasimama mara kwa mara kwa sababu jabali limekwama mdomoni. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba kulipua ni hatua ya kwanza ya kuponda, na kwa hiyo kunapaswa kupimwa kwa kile kinachotokea kwenye krasha na kwenye kinu, wala si kwa bei ya baruti peke yake.

Nianze na nishati, kwa kuwa hapo ndipo mambo yanapoonekana wazi. Chukulieni benchi, yaani ngazi moja ya mwamba machimboni, lenye kimo cha mita 9, lililochorongwa matundu ya kipenyo cha milimita 89, yakiwa mita 2.6 kutoka uso wa mwamba na mita 3 kati ya tundu na tundu. Kila tundu linabeba takriban mita za ujazo 70 za mwamba, ambazo kwa jiwe zito la tani 2.7 kwa mita ya ujazo ni kama tani 190. Tundu likishushwa sentimita 80 chini ya sakafu ya benchi na mita 2.2 za juu zikiachwa kwa ajili ya kizibo, yaani kile kinachojazwa juu ya baruti kuzuia gesi isitoke, inabaki nguzo ya baruti ya mita 7.6. Anfo, yaani ule mchanganyiko wa asilimia 94 ya ammonia nitrati na asilimia 6 ya dizeli, ikijaa kwa uzito wa gramu 0.82 kwa sentimita ya ujazo, inaingia kilo 5.1 kwa kila mita ya tundu, hivyo tundu zima linabeba karibu kilo 39. Hiyo ni kilo 0.55 kwa mita ya ujazo, au gramu 200 na kidogo kwa tani.

Kilo moja ya anfo ina nishati ya takriban megajuli 3.8. Kwa hiyo kila tani ya mwamba imepokea nishati inayolingana na uniti 0.22 za umeme, na sehemu kubwa ya hiyo imepotelea kwenye joto, mtikisiko wa ardhi na kulirusha lundo. Sasa linganisheni na kinachofuata. Kwa kanuni aliyoitoa Fred Bond wa Marekani mwaka 1952, jiwe la ugumu wa wastani, ambalo kipimo chake cha Bond (yaani ugumu wake kwa hesabu ya nishati ya kulisaga) ni uniti 15 kwa tani, likitolewa kwenye ukubwa wa milimita 400 hadi kokoto za milimita 20, linahitaji karibu uniti 0.8 kwa tani, bila kuhesabu mikanda na machekecheo. Jiwe hilohilo likiwa ni mbale ya dhahabu, yaani mwamba wenye dhahabu, inayotakiwa kusagwa kutoka milimita 10 hadi unga wa maikroni 75 (milimita 0.075), linahitaji karibu uniti 16 kwa tani. Yaani hatua ya mwisho inakula nishati zaidi ya mara 70 ya ile iliyowekwa ndani ya tundu. Mtu akiitazama picha hiyo kwa utulivu, ataona kwa nini haifai kubana matumizi kwenye hatua ndogo kabisa huku ile kubwa ikiachwa ijiendee yenyewe.

Ulipuaji unaliandalia krasha na kinu mambo mawili tofauti, na ni muhimu tusiyachanganye. La kwanza linaonekana kwa macho: mgawanyo wa ukubwa wa mawe kwenye lundo, yaani ni kiasi gani ni majabali, kiasi gani ni mawe ya kati na kiasi gani ni chembe ndogo. La pili halionekani: nyufa nyembamba mno zinazobaki ndani ya kila jiwe baada ya wimbi la mlipuko kupita na gesi kujipenyeza. Jiwe lenye nyufa hizo bado linaonekana zima, lakini taya ya krasha inapolibana linaachia kwa nguvu ndogo zaidi. Majaribio ya maabara yaliyofanyika Norwe katika miaka ya 1990 yalionesha kwamba mwamba uliolipuliwa kwa baruti nyingi zaidi husagika kwa urahisi zaidi, hata pale ukubwa wa mawe yanayoingia kwenye kinu unapokuwa ni uleule.

Kwa upande wa krasha ya taya, kanuni inayotumika sana ni kwamba jiwe kubwa kuliko yote lisizidi asilimia 80 ya upana wa mdomo. Krasha yenye mdomo wa milimita 600 inataka jiwe lisilozidi milimita 480 hivi. Jiwe linalozidi hapo halipunguzi tu kasi, bali linasimamisha kila kitu kilicho nyuma na mbele yake: kijiko kinangoja, matipa yanapanga foleni, krasha ya koni iliyo mbele inakosa chakula na kuanza kuponda vibaya, kwa sababu koni hufanya kazi yake vizuri ikiwa imejaa, mawe yakipondana yenyewe kwa yenyewe, si inapopokea jiwe mojamoja. Ikibidi nyundo ya haidroliki iende kulipasua jabali, gharama ya tani hiyo imeshapanda mara kadhaa kuliko baruti ambayo ingelivunja tangu mwanzo. Nasisitiza jambo hili kwa wenye machimbo madogo, kwa kuwa saa ambazo krasha imesimama haziandikwi mahali popote, na kisichoandikwa hakionekani kuwa gharama.

Kwa upande wa migodi mikubwa ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, ambako baadhi yetu tumefanya kazi, athari kubwa zaidi iko kwenye kile kinu ambacho mafundi hukiita sagi, kinachosaga kwa kutumia mawe yenyewe pamoja na mipira michache ya chuma. Chembe zilizo ndogo kuliko matundu ya wavu wa kinu hupita karibu bila kazi yoyote, ilhali mawe ya kati, makubwa mno yasipite na madogo mno yasiponde wengine, hujikusanya humo na kuziba uwezo wa kinu. Mlipuko unaoongeza chembe ndogo na kupunguza mawe hayo ya kati unaongeza moja kwa moja tani zinazopita kwa saa. Watafiti wa kituo cha JKMRC cha Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walianza katika miaka ya 1990 kuutazama mnyororo huu wote kama kazi moja, kuanzia mgodini hadi kinuni, na migodi mingi iliyofuata njia hiyo imeripoti ongezeko la tani kwa saa la asilimia 10 na zaidi bila kununua kinu kipya.

Lakini tafadhali, mtu asiondoke hapa na wazo kwamba dawa ni kumwaga baruti. Kuna kiasi ambacho ukikipita unaharibu ukuta wa mgodi, unarusha mawe mbali, unachanganya mbale na mawe matupu, na kwa sisi wa kokoto unatengeneza vumbi la krasha ambalo bei yake ni ya chini kuliko kokoto za nusu inchi. Kabla ya kuongeza baruti, kuna mambo ya kurekebisha ambayo mengi hayaongezi hata kilo moja. Nitayaeleza kadiri maswali yatakavyokuja.

Mchangiaji wa pili (Moshi)

Asante sana, mkuu, kwa uzi uliotulia. Mimi nasimamia krasha upande wa Moshi na jambo ninaloshindwa kulielewa ni hili: mlipuaji wetu anatumia baruti nyingi, pengine kuliko hiyo uliyoitaja, na bado tunapata majabali makubwa juu ya lundo, wakati huohuo chini yake kuna vumbi jingi kuliko tunavyohitaji. Inawezekanaje mlipuko mmoja uwe mkali mno na dhaifu mno kwa pamoja? Mwamba wetu ni ule mweusi wa volkano, wenye nyufa nyingi za wima, na mahali pengine kuna tabaka jekundu laini kama moramu katikati.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Ndugu yangu, maelezo yako yanatosha kabisa kuonesha tatizo lilipo. Mlipuko wenu si mkali wala dhaifu, bali haujagawanyika sawasawa. Wahandisi wanaotumia kanuni ya Kuz-Ram ya kukadiria ukubwa wa mawe yatakayotoka kwenye mlipuko, iliyotokana na kazi ya Kuznetsov ya mwaka 1973 na kuendelezwa na Cunningham miaka kumi baadaye, hutenganisha vitu viwili: ukubwa wa wastani wa mawe, na ulingano wa mawe hayo, yaani yanakaribiana ukubwa kiasi gani. Wastani unatawaliwa zaidi na kiasi cha baruti; ukiongeza asilimia 20 ya baruti, kanuni inatabiri wastani kushuka kwa karibu asilimia 14. Ulingano, kwa upande mwingine, unatawaliwa na jinsi matundu yalivyopangwa, usahihi wa uchorongaji, na sehemu gani ya kimo cha benchi imeguswa na baruti. Ulingano ukiwa mbaya, utapata majabali na vumbi kwa pamoja hata kama wastani ni mzuri kwenye karatasi.

Majabali ya juu ya lundo karibu siku zote hutoka sehemu ya kizibo, yaani zile mita za juu zisizo na baruti. Hapo mwamba hauvunjwi na mlipuko wenyewe. Unainuliwa na kuachana kwenye nyufa zake za asili. Na kwa kuwa mwamba wenu una nyufa za wima zilizotengeneza nguzo, kila nguzo inashuka nzima. Wengi hujibu kwa kufupisha kizibo, nami nakusihi usikimbilie huko, kwa sababu kizibo kifupi kinatoa gesi mapema, kinarusha mawe na kupiga kelele, na baruti iliyo chini inapoteza nguvu. Angalia kwanza mnazibia kwa kitu gani. Ule unga unaotoka kwenye mashine ya kuchoronga unatoka nje kirahisi sana. Kokoto zenye kona, za ukubwa wa karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo cha tundu, hukabana na kushikilia gesi kwa muda mrefu zaidi. Kwa tundu la milimita 89 hizo ni kokoto za milimita 9 au 10, ambazo mnazo kwenu tele. Ni badiliko lisilo na gharama kubwa.

Kuhusu lile tabaka jekundu, hapo ndipo baruti yenu inapopotelea. Mwamba wa huku kwetu, tangu Meru hadi Kilimanjaro, umejengwa kwa mitiririko ya lava iliyolaliana, na mara nyingi kati ya mtiririko na mtiririko kuna majivu au mawe mepesi yenye matundumatundu. Mlipuaji akijaza baruti tundu zima bila kujali, gesi inakimbilia kwenye tabaka laini, inalisaga kuwa vumbi, na lava ngumu iliyo juu na chini yake inabaki na mapande makubwa. Mchorongaji anapaswa kuandika kina ambacho tabaka laini limeanza na kilipoishia, jambo analolihisi wazi kwa kasi ya mashine na rangi ya vumbi, kisha hapo pawekwe kizibo badala ya baruti, na kila kipande cha baruti kiwe na kiwashio chake. Taarifa ya mchorongaji ni mali kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mtu huyo ndiye pekee aliyeugusa mwamba kabla haujalipuliwa.

Jambo la mwisho ni maji. Masika yanapofika, matundu yanajaa maji, na anfo haivumilii maji hata kidogo. Inayeyuka, na moshi wa rangi ya chungwa baada ya mlipuko ni ushahidi kwamba haikuwaka ipasavyo. Kwenye matundu yenye maji tumieni baruti ya emalsheni, au mtoe maji na kuweka mfuko wa plastiki kabla ya kujaza.

Mchangiaji wa tatu (mhandisi wa uchenjuaji, Arusha)

Nimeusoma uzi huu kwa makini na ninakubaliana na mwelekeo wake, lakini kuna mahali nadhani tunapaswa kuwa waangalifu ili tusiwape wenzetu matumaini yasiyotimia. Kaka, umetaja kanuni ya Bond. Hebu tuitumie hadi mwisho. Kinu cha mipira kinachopokea mawe ya milimita 10 na kutoa unga wa maikroni 75, kwa jiwe la uniti 15, kinahitaji uniti 15.8 kwa tani. Tuseme mlipuko bora umeyafanya mawe hayo yaingie yakiwa milimita 8 badala ya 10. Hesabu inashuka hadi uniti 15.6. Tofauti ni chini ya sehemu mbili za kumi za uniti, na kwa mtu anayesaga tani chache kwa siku, kama wenye makarasha madogo kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, haitaonekana kwenye bili.

Sababu ni kwamba nishati nyingi ya kusaga hutumika mwishoni kabisa, kutoka kwenye chembe za mchanga kwenda kwenye unga, na hapo ukubwa wa jiwe lililoingia hauna uzito mkubwa. Zaidi ya hayo, kati ya jabali la mgodini na mdomo wa kinu cha mipira kuna krasha mbili au tatu ambazo mpangilio wake ndio unaoamua ukubwa wa mwisho. Ukiziacha kwenye mpangilio uleule, zitatoa kokoto zinazokaribiana na zile za zamani hata kama lundo limekuwa laini. Faida ya lundo laini katika hali hiyo ni kwamba krasha inapitisha tani nyingi zaidi na kupumua, na faida hiyo haihami kwenda kinuni mpaka mtu aikaze krasha ya koni ili itoe kokoto ndogo zaidi. Nimeona mitambo ambayo mgodi ulibadilisha ulipuaji wake wote na kiwanda hakikugusa hata boliti moja, kisha wote wakashangaa kwamba hakuna kilichobadilika.

Kuhusu nyufa zisizoonekana, mimi ninaziamini, ila naziamini zaidi kwenye krasha na kwenye kusaga kwa chembe kubwa. Jiwe linapovunjika hutangulia kuvunjika kwenye nyufa zake. Kwa hiyo kadiri linavyozidi kuwa dogo, ndivyo nyufa zilizobaki zinavyopungua, na chembe inayofika maikroni 100 huenda imeshazimaliza zote. Mtu anayetaka kujua kama nyufa hizo zinamsaidia afanye kipimo cha Bond kwa sampuli za milipuko miwili tofauti kutoka tabaka moja la mwamba. Bila hivyo, tofauti ya ugumu wa mwamba wenyewe kutoka sehemu moja ya mgodi hadi nyingine inaweza kuificha kabisa athari ya baruti, au kuikuza.

Mwanzisha uzi (Arusha)

Dada, nashukuru sana kwa mchango huu, nao unaufanya uzi uwe bora. Hesabu yako ni sahihi, na nakubaliana nawe kwamba kwa kinu cha mipira kilichotanguliwa na krasha kadhaa, faida inayotokana na ukubwa peke yake ni ndogo. Nyufa zikipunguza ugumu wa jiwe kwa asilimia 10, hesabu ile ya 15.8 inashuka hadi 14.2, na hapo ndipo panapokuwa na fedha. Lakini kama ulivyosema, hilo linahitaji kuthibitishwa kwa kipimo, mwamba kwa mwamba. Kwenye sagi hali ni tofauti kwa sababu mawe ya mgodini yanaingia humo yakiwa yamepita krasha moja tu, hivyo sura ya lundo inafika kinuni karibu kama ilivyo. Hata huko kuna mpaka: kinu kinachosaga kwa mawe yenyewe bila mipira ya chuma kikinyimwa mawe makubwa, kinakosa nyundo zake, na tani kwa saa zinashuka badala ya kupanda.

Jambo lako la kukaza krasha ya koni ningependa kila anayesoma hapa aliandike ukutani ofisini kwake. Mlipuko bora unafungua nafasi tu, na lazima mtu wa upande wa pili aijue na kuitumia, la sivyo nafasi hiyo inapotea.

Mchangiaji wa nne (Mirerani)

Wakubwa zangu, shikamooni. Ninyi mnazungumzia mawe ambayo mwishowe yatavunjwa tu, lakini sisi wa Mirerani tunachokitafuta ni kioo kilichomo ndani ya mwamba, na mlipuko mkali unakivunja kabla hatujakiona. Tanzanaiti si ngumu sana, ina takriban 6.5 kwenye kipimo cha Mohs, na ina upande mmoja ambao inapasuka kirahisi mno. Wanaapolo, yaani wachimbaji wa huku, wenye uzoefu wanapokaribia mshipa hupunguza baruti, huchoronga mashimo mafupi na ya karibukaribu, na wakiona dalili huacha baruti kabisa na kutumia tindo na nyundo. Je, hoja ya uzi huu inatuhusu?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Marahaba, mdogo wangu. Inawahusu kwa njia ileile, ila jibu lake linageuka. Nilisema ulipuaji upimwe kwa kile kinachotokea baadaye, na kwenu kinachotokea baadaye ni kuchambua kwa mkono na kuuza jiwe zima kwa mnunuzi wa Arusha, ambaye bei yake inaporomoka jiwe likiwa na ufa. Kwa hiyo nyufa zile ambazo mwenye mgodi wa dhahabu anazitafuta, ninyi mnazikimbia. Almasi nayo iko upande wenu. Mgodi wa almasi ukipasua jiwe moja kubwa kwa pupa ya mlipuko au ya krasha, hasara hiyo haifidiwi na uniti za umeme zilizookolewa. Hata kwenye dhahabu, anayemwagilia dawa ya kuyeyusha dhahabu kwenye lundo la wazi badala ya kusaga hataki vumbi jingi, kwa sababu vumbi linaziba njia ya maji.

Mchangiaji wa tano (Arusha)

Mimi ni mkazi tu wa jirani na machimbo, wala si mtaalamu. Mkishauriana kuongeza baruti ili krasha ipumzike, sisi ambao kuta zetu zinatikisika tunaingia wapi kwenye hesabu hiyo?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Mama, au ndugu yangu, samahani kwa kutokujua nikuiteje. Swali lako lina haki ya kuwa katikati ya mjadala huu. Nyumba zimesogea sana karibu na machimbo yetu, na mlipuko unaoifurahisha krasha huku ukipasua ukuta wa jirani si mlipuko mzuri, hata hesabu ya umeme iseme nini.

Mtikisiko unaofika nyumbani kwako hautegemei jumla ya baruti iliyowashwa siku hiyo, bali unategemea zaidi kilo zilizowaka kwa wakati mmoja na umbali uliopo. Kilo hizo zikiongezeka maradufu, kwa nyumba iliyo mita 300 ni sawa na kuisogeza hadi mita 212. Ndiyo maana matundu huwashwa moja baada ya jingine kwa kupishana kwa milisekunde chache, na desturi ya zamani iliyotoka Marekani ni kuyahesabu kuwa tofauti yakipishana kwa angalau milisekunde 8. Fataki (viwashio vya baruti) za kielektroniki huwezesha kupanga muda huo kwa usahihi mkubwa kuliko zile za kawaida, ambazo zinaweza kuteleza na mbili zikawaka pamoja bila mtu kukusudia. Kwa bahati njema, mpangilio wa muda unaopunguza mtikisiko mara nyingi ndio huohuo unaovunja mwamba vizuri, kwa sababu kila tundu linapata uso ulio huru wa kusukumia mwamba wake badala ya kusukumana na mwamba ambao bado haujasogea. Jirani ana haki ya kujulishwa saa ya mlipuko, na mlipuaji lazima awe na cheti chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963. Asiye nacho hapaswi kugusa baruti, na hakuna ushauri wowote wa uzi huu unaomlenga yeye.

Mchangiaji wa pili (Moshi)

Mkuu, tumekubaliana na bosi tubadilishe kizibo na tuanze kuandika taarifa za mchorongaji. Hatuna fedha za kununua programu za kupima lundo kwa picha. Tupime nini ili tujue kama kuna kilichobadilika?

Mwanzisha uzi (Arusha)

Hongera kwa uamuzi huo. Vifaa mnavyohitaji kwa kuanzia ni daftari, saa na mita ya umeme.

Andikeni kwa kila mlipuko kilo za baruti, mita zilizochorongwa na tani zilizotoka, kisha mlifuate lundo hilo peke yake hadi liishe, bila kulichanganya na la mlipuko mwingine. Hesabuni majabali yaliyotengwa kando kwa ajili ya nyundo. Pimeni muda ambao kijiko kinachukua kujaza tipa moja, kwa sababu lundo lililovunjika vizuri na kulegea linajaza ndoo kwa mkupuo mmoja, ilhali lundo lililobana linamfanya mwendeshaji achimbe na kuchagua. Muda huo ni kipimo kizuri kuliko macho ya mtu yeyote, yakiwemo yangu. Andikeni dakika ambazo krasha ya taya imesimama na sababu yake, mkitenganisha kusimama kwa sababu ya jabali na kusimama kwa sababu nyingine kama umeme kukatika au mkanda kuchanika, la sivyo mtaisifu au kuilaumu baruti kwa jambo lisiloihusu. Someni mita ya umeme ya krasha mwanzo na mwisho wa lundo, mgawanye kwa tani. Mwisho pimeni ni sehemu gani ya mzigo imetoka kama vumbi, kwa kuwa ongezeko la vumbi ndilo litakalowaambia kwamba mmepita kiasi.

Badilisheni jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mkibadilisha kizibo, acheni kipimo cha matundu na kiasi cha baruti vibaki vilevile kwa milipuko kadhaa, kwa sababu mwamba wenu unabadilika kila mnaposonga mbele na mlipuko mmoja hauwezi kutoa jibu la kuaminika. Kizibo kikishatulia, ndipo mtazame upana wa matundu. Kama mlipuaji wenu anatumia matundu ya milimita 115, kushuka hadi 89 kwa kiasi kilekile cha baruti kutapunguza ukubwa wa wastani kwa karibu asilimia 8 kwa mujibu wa Kuz-Ram, na kwa mwamba wa nguzo kama wenu faida halisi inaweza kuzidi hapo, kwa kuwa nguzo nyingi zaidi zitapata tundu lake. Gharama ya kuchoronga itapanda, na hapo ndipo bosi wako atakapohitaji lile daftari. Msiitegemee Kuz-Ram kwa kukadiria vumbi, maana inajulikana kwamba inalipunguza. Kwa hilo kuna kanuni za baadaye, kama ile ya Swebrec iliyochapishwa na Ouchterlony wa Sweden mwaka 2005, na ukihitaji nitakufafanulia namna ya kuitumia mkishapata matokeo ya kuchekecha sampuli zenu za kwanza.